Paswedi moja kwa wanafunzi elfu tatu: kisa cha Oak Park, Juni 2023

Tarehe 22 Juni 2023 wazazi wa sekondari ya Oak Park and River Forest, iko pembeni ya Chicago upande wa magharibi, walipokea barua pepe kutoka shuleni. Kwa ufupi ilikuwa inasema hivi: kulikuwa na ukaguzi wa usalama wa mifumo ya kompyuta, kampuni ya nje ikakosea kitu, mfumo ukabadilisha paswedi za wanafunzi wote kwa mpigo, hakuna mtoto anayeweza kuingia kwenye akaunti yake ya Google, kwaiyo ili watoto warudi kwenye akaunti zao shule inawawekea paswedi mpya kuanzia saa kumi jioni ya siku hiyo hiyo, paswedi yenyewe ni Ch@ngeme! (Kiingereza cha "nibadilishe") na mtoto anashauriwa aibadilishe mapema awezavyo.

Sasa tulia uisome tena. Paswedi ni moja, wanafunzi ni kama elfu tatu, na imetumwa kila nyumba siku moja. Yaani kuanzia saa kumi jioni mwanafunzi yeyote alikuwa na paswedi ya mwanafunzi mwenzake yeyote, na hajadukua chochote, kaipata kwa mama yake sebuleni. Kilichobaki ni kujua anwani ya mwenzake tu, na hiyo kwenye mazingira ya shule haijawahi kuwa siri, maana ukianza kuandika herufi mbili tatu za jina mara nyingi mfumo wenyewe unakumalizia, na hata kama hilo limezimwa watoto wameshafanya kazi za kikundi pamoja mwaka mzima, anwani za darasa lote wanazo. Mzazi mmoja aliyeongea na vyombo vya habari alisema hicho hicho, kwamba sasa mtoto yeyote anaweza kuingia kwa mwenzake akasoma barua, akaona kazi za darasani, kila kitu.

Waliosoma bweni, jambo hili wanalijua bila kufundishwa. Mnanunua kufuli za aina moja kwenye duka moja, baada ya wiki mbili inagundulika ufunguo wa fulani unafungua tranki la fulani, na sukari inaanza kupungua kimya kimya. Tofauti ya Oak Park ni kwamba ufunguo ulitangazwa na saa ya kuanza kuutumia ikatajwa.

Siku iliyofuata shule ilirudi na barua nyingine, ikakubali kuwa ule utaratibu haukuwa sawa, na ikasema paswedi zitabadilishwa tena, safari hii kila mwanafunzi na ya kwake. Kwa kasi ya ofisi za shule hiyo ni haraka sana, wapewe haki yao. Ila mitandaoni kisa kilishageuka kichekesho kwasababu ya hiyo Ch@ngeme!, watu wakacheka wakaondoka, na mimi naona kucheka kumefanya watu wasione kwamba shule nyingi tu zikibanwa pale pale zingefanya vile vile, na nyingine zinafanya kila Januari bila hata kubanwa.

Tuanze na kwanini mtu mwenye akili zake afanye hivyo. Angalia tarehe. Mwishoni mwa Juni shule za Illinois zimefungwa, watoto wako likizo ya kiangazi, wengine wamesafiri. Shule ikiwa wazi tatizo hili lina dawa ya siku zote, unachapa vikaratasi, mwalimu wa darasa anagawa asubuhi, anayempa mtoto karatasi anamjua sura, imeisha. Likizo hiyo njia haipo. Kumtumia mtoto kwenye barua pepe ya shule haiwezekani, ndio hiyo imefungwa. Namba za simu za watoto shule nyingi hazina. Inabaki njia moja tu ambayo haipiti kwenye mlango uliofungwa, nayo ni barua pepe ya mzazi. Mpaka hapo sioni kosa, mzazi ni njia nzuri tu, shule inamjua, alijaza fomu.

Kosa ni kwamba ile barua pepe ya wazazi ni chombo cha matangazo. Kinapeleka ujumbe mmoja kwa watu wote, kikao cha wazazi, tarehe ya kufungua, mvua kubwa msije leo. Mtu aliyekaa ofisini saa nane mchana, simu zinalia, wazazi wanauliza mbona mtoto hawezi kuingia, anafungua kile chombo alichozoea, na kile chombo hakijui kupeleka siri elfu tatu tofauti, kinajua kupeleka ujumbe mmoja. Kwaiyo siri nayo ikawa moja. Nadhani hapa ndipo mambo yalipoharibika, kabla hata ya kuchagua maneno ya paswedi. Njia ya kupelekea ndio iliyoamua paswedi iweje.

Na kinachouma ni kwamba upande wa pili, wa kutengeneza paswedi zenyewe, kazi ni ndogo sana. Admini, yaani msimamizi, wa Google ya shule anaweza kupakia faili la jedwali lenye majina yote, kila mstari mwanafunzi mmoja, kuna safu ya jina la kwanza, jina la mwisho, anwani, paswedi, na idara aliyopo. Hiyo safu ya paswedi hakuna mtu amekulazimisha uweke kitu kimoja kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa elfu tatu. Unachukua orodha ya maneno ya kawaida mia tano sita hivi, unaiambia Excel ikuokotee matatu bila mpangilio na tarakimu mbili mwishoni, unavuta mpaka chini, umemaliza. Alafu faili hilo hilo unaliunganisha na barua, kila mzazi anapata barua ya mtoto wake peke yake. Wenye maduka wanafanya hivi kila mwezi kutuma madeni kwa wateja, hakuna anayetuma deni moja kwa wateja wote.

Najua kuna mtu atasema lakini si kuna kile kiboksi cha kumlazimisha mtumiaji abadilishe paswedi akiingia mara ya kwanza, ukitiki hicho si umejilinda? Hapana, na hii wasimamizi wengi wa kompyuta za shule hawajaikalia wakaifikiria mpaka mwisho. Kile kiboksi kinadhani atakayeingia wa kwanza ni mwenye akaunti. Kama paswedi ya muda anaijua mwenye akaunti peke yake basi sawa, kinafanya kazi vizuri. Ila kama wanaijua watu elfu tatu, umeanzisha mashindano ya mbio. Yeyote anayefika wa kwanza ndiye anaweka paswedi mpya, na mwenye mali akija saa moja baadaye anaambiwa paswedi sio sahihi. Mtoto aliyeko kwa bibi yake hana intaneti ndio ameshapoteza.

Na ukikiacha bila kutiki ni mbaya kwa namna nyingine, maana mwizi anaingia, anasoma, anatoka, hajabadilisha kitu, mwenye akaunti anakuja kesho yake anakuta kila kitu kiko sawa. Nikilazimishwa kuchagua kati ya hizo mbili ningechukua ile ya mbio, angalau ukifungiwa nje unajua umeibiwa.

Twende ndani ya akaunti sasa, kwasababu watu wazima wakisikia akaunti ya shule wanafikiria insha na hesabu. Kweli zimo. Ila mtoto wa miaka kumi na tano aliyekaa na akaunti hiyo tangu darasa la sita amemwaga humo maisha. Kuna barua kati yake na mshauri wa wanafunzi. Kuna fomu aliyojaza inayouliza kama nyumbani kuna chakula. Kuna barua za mzazi kueleza kwanini mtoto hajaja wiki nzima, kuna mawasiliano ya mtoto mwenye mpango maalumu wa kujifunza ambao wenzake hawajui kama anao. Kuna rasimu za insha za maombi ya chuo, na zile insha za Marekani zinataka mtoto aandike jambo lililomuumiza kuliko yote, kwaiyo unakuta kifo cha baba, unakuta talaka, unakuta mambo ambayo hajamwambia rafiki hata mmoja, yote yamekaa kwenye dokumenti inayoitwa insha ya tatu.

Alafu kuna kitu kibaya zaidi ambacho hakionekani. Mwanafunzi akiingia kwenye brauza ya Chrome kwa akaunti ile na kuwasha ulinganishaji (sync), historia ya kurasa alizotembelea inamfuata kila kompyuta, na paswedi zote alizobonyeza hifadhi zinamfuata pia. Yaani anayeingia kwa Ch@ngeme! kwenye kompyuta nyingine anaweza kukuta paswedi za akaunti zingine za mtoto zimejipanga humo, mchezo, duka, mtandao wa picha. Admini anaweza kuizima sehemu hiyo kwa wanafunzi, na akiiacha wazi basi kila paswedi ya shule ni paswedi ya vitu kumi. Hapo bado hatujagusa zile tovuti unazoingia kwa kubonyeza kitufe cha Google, hizo hazina hata haja ya paswedi, akaunti ndio paswedi.

Kwaiyo nani anaogopwa? Ukisoma miongozo mingi ya usalama wa shule utadhani adui amekaa nchi ya mbali amevaa kofia ya sweta. Na wapo, sikatai. Ila takwimu zinazungumza kitu kingine. Mwaka 2025 ofisi ya kamishna wa taarifa ya Uingereza, ICO, ilitoa uchambuzi wa matukio 215 ya uvujaji wa taarifa kwenye elimu yaliyotokana na watu wa ndani, kuanzia Januari 2022 mpaka Agosti 2024. Asilimia 57 yalifanywa na wanafunzi. Matukio ya kutumia paswedi zilizoibwa yalikuwa asilimia 30 ya yote, na kwenye hayo wanafunzi ndio waliohusika kwa asilimia 97. Hebu iangalie hiyo asilimia 97. Karibu kila mara paswedi ya mtu ilipotumika vibaya ndani ya shule mtumiaji alikuwa mtoto wa shule ile ile, na sio kwamba ana utaalamu wa ajabu, ICO wenyewe walitaja mambo kama kubahatisha paswedi rahisi au kuikuta imeandikwa kwenye karatasi. Kuna kisa humo cha wanafunzi watatu wa mwaka wa kumi na moja wa masomo (miaka 15 au 16) walioingia kwenye mfumo wa shule wenye taarifa za wanafunzi zaidi ya 1,400, walipoulizwa walisema walitaka kupima ujuzi wao.

Hata akija wa nje mara nyingi anakuja kwa paswedi inayofanya kazi. Lile tukio kubwa la PowerSchool, kampuni ya mifumo ya kumbukumbu za wanafunzi, la Desemba 2024, la taarifa za wanafunzi zaidi ya milioni 60, mwizi aliingia kwenye tovuti ya huduma kwa wateja kwa paswedi ya mtu, kama mfanyakazi anavyoingia kazini. Na aliyehukumiwa miaka minne mwaka 2025 kwa kosa hilo alikuwa kijana wa miaka 19, mwanafunzi wa chuo huko Massachusetts.

Ukishakubali kwamba anayeogopwa amekaa deski la pili, Ch@ngeme! unaiona kwa jicho jingine. Ipime kwa kanuni zile za zamani zinazobandikwa ukutani: ina herufi tisa, imepita nane, ina herufi kubwa, ina ndogo, ina alama mbili. Ile milingoti ya rangi inayokwambia paswedi yako ni imara ingeipa kijani. Kanuni hizo zilitungwa kumzuia anayebahatisha kwa mashine mamilioni ya mara, hazina chochote cha kusema kuhusu mtu ambaye ameshaambiwa jibu. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliachana na mambo ya lazima kuchanganya alama tangu mwongozo wake wa 2017, ikasema bora urefu, na kila paswedi mpya ilinganishwe na orodha ya zile zinazojulikana tayari, na watu wasilazimishwe kubadilisha kila baada ya miezi kadhaa bila sababu. Waingereza nao wana ushauri wa maneno matatu yaliyookotwa bila mpangilio. Kwa mtoto hiyo ni rahisi zaidi, kikombe-mvua-baiskeli anaikumbuka, na mwenzake aliyeambiwa ya kwake ni daraja-papai-soksi hawezi kukisia.

Jambo jingine ambalo halikuzungumzwa kabisa kwenye kelele za kisa hiki, na walimu wa nidhamu wangetakiwa walipigie kelele, ni kwamba kwa muda ule paswedi ilipokuwa moja shule ilipoteza uwezo wa kusema nani kafanya nini. Tuseme usiku ule kuna barua ya matusi imetoka kwenye akaunti ya mtoto A kwenda kwa mwalimu B. Utamwadhibu nani? A atasema sio mimi, na ana haki, kwasababu wewe mwenyewe uliwapa watu elfu tatu uwezo wa kuiandika. Yule aliyeandika kweli naye atasema sio mimi kwa kutumia mlango huo huo. Mtoto asiye na hatia hana cha kujitetea nacho zaidi ya neno lake, na mwenye hatia ana utetezi kamili. Sasa chukua hali hiyo uipeleke kwenye shule ambayo paswedi zote ni tarehe ya kuzaliwa au namba ya mtihani, hiyo sio ya usiku mmoja, ni ya miaka.

Kama unataka kuona jinsi shule nyingine ilivyobanwa vibaya zaidi ikachagua njia ndefu, nenda Los Angeles Septemba 2022. Wilaya ya shule ya pale, ya pili kwa ukubwa Marekani, ilishambuliwa wikendi ya sikukuu ya wafanyakazi na wahalifu wanaodai fidia. Ikabidi paswedi zibadilishwe kwa wote, akaunti zaidi ya laki sita, wanafunzi na wafanyakazi. Wakaamua mtu aende mwenyewe kwenye eneo la shule kubadilisha, hakuna kufanyia nyumbani. Ilikuwa kero isiyo ya kawaida, vipindi vya kwanza vikapotea, foleni, watu wakalalamika sana. Ila njia ile ina kitu barua ya Oak Park haikuwa nacho, kwamba mtu ameonekana kwa macho kabla ya kupewa ufunguo. Taarifa nyingi za wilaya hiyo zilikuja kumwagwa mtandaoni na wale wahalifu mwezi uliofuata kwaiyo sio kwamba walishinda, ila sehemu ya paswedi waliifanya vizuri. Na wao walikuwa na bahati, shule zilikuwa zimefunguliwa.

Oak Park wangeweza kufanya nini kwa Juni ile, wakati watoto hawapo? Binafsi ningeziacha akaunti zimefungwa. Ndio, zimefungwa, siku mbili tatu, mpaka barua za mtoto mmoja mmoja ziwe tayari. Likizo hakuna mtihani wa kesho, wale wachache wenye masomo ya kiangazi wanakuja shuleni wanapewa mkononi. Akaunti iliyofungwa inamkera mwenyewe peke yake, akaunti iliyo wazi kwa wote inamuumiza mwenyewe na haijulikani nani mwingine. Ila ofisi za shule zinaogopa malalamiko ya haijafunguka kuliko zinavyoogopa madhara ya imefunguka kwa kila mtu, kwasababu la kwanza linapiga simu saa hiyo hiyo na la pili linakaa kimya.

Huku kwetu mazingira ni mengine lakini Google ni ile ile, shule binafsi kibao za Dar, Arusha, Nairobi na Mombasa zinatumia toleo lile lile la bure la mashule lenye vitufe vile vile. Na tuna hali inayofanya paswedi iwe nzito zaidi, kwamba simu ni marufuku kwa wanafunzi shuleni, bweni ndio kabisa, kwaiyo uhakiki wa hatua mbili kwa simu hauwezekani kwa mtoto. Paswedi inasimama peke yake. Alafu nenda chumba cha kompyuta, kompyuta ishirini, darasa la watu hamsini, kipindi dakika arobaini. Mwalimu wa TEHAMA akianza kusaidia waliosahau paswedi kipindi kimeisha. Ndio unakuta paswedi moja imeandikwa ubaoni kwa chaki tangu muhula uliopita, au kuna kaunta buku la mwalimu lenye paswedi za darasa zima na linaachwa mezani akienda kunywa chai.

Mimi simlaumu sana huyo mwalimu, ana watoto hamsini. Ila kuna vitu viwili vidogo. Kwanza mruhusu mwalimu abadilishe paswedi ya mtoto aliyesahau pale pale darasani, kwenye mfumo admini anaweza kumpa mwalimu ruhusa ya kubadilisha paswedi za kundi lake tu bila kumpa ufunguo wa shule nzima, ikiwepo hiyo kaunta buku halina kazi, hahitaji kujua paswedi ya mtoto, anahitaji kuweza kumpa mpya. Pili wale wadogo wa darasa la kwanza mpaka la tatu wasisumbuliwe na paswedi kabisa, Marekani shule nyingi zinawapa kadi yenye alama ya QR anaionyesha kamera anaingia, kadi inabaki kwenye droo ya mwalimu, akipoteza inafutwa inachapwa nyingine. Kadi nayo mwenzake anaweza kuichukua, lakini kukosekana kwa kadi kunaonekana, kujulikana kwa paswedi hakuonekani.

Wazazi nao. Kuna wanaodai paswedi ya mtoto shuleni kwa hoja kwamba mimi ndio mzazi. Kwa mtoto wa miaka saba sawa, mwanangu mwenyewe ningeitaka. Kwa wa kidato cha tatu shule ikitoa paswedi kwa mzazi bila mtoto kujua imemfundisha mtoto kwamba mshauri wa wanafunzi hafai kuandikiwa. Kwa Marekani sheria yao ya kumbukumbu za wanafunzi, FERPA ya 1974, inampa mzazi haki ya kuona kumbukumbu mpaka mtoto afike miaka 18 au aingie chuo, ndipo haki inahamia kwa mwanafunzi. Lakini kuona kumbukumbu ni kuomba ukaonyeshwa na shule, kupewa paswedi ni kuingia ukiwa umevaa jina la mtoto, na barua ya Oak Park kwa haraka zake ilivichanganya hivyo viwili kwa wazazi elfu tatu bila hata mmoja kuomba.

Upande wa sheria huku sio jangwa tena. Kenya wana sheria ya ulinzi wa data ya 2019, na Septemba 2023 kamishna wao aliipiga shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila idhini ya wazazi. Zile zilikuwa picha tu. Tanzania sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ni ya 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023, na tume yake ipo. Mkuu wa shule anayedhani paswedi za wanafunzi ni mambo ya kijana wa kompyuta ajue anayetafutwa siku hiyo ni shule, sio kijana.

Mwisho niwaambie wale ambao shule zao zimepitia kitu cha aina hii, au zina paswedi moja sasa hivi mnaposoma. Kubadilisha paswedi ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kurudi nyuma kuangalia nani aliingia wapi. Google ya shule inatunza kumbukumbu za kila kuingia, akaunti gani, saa ngapi, kutoka anwani gani ya mtandao (IP, ile namba ya intaneti iliyotumika kuingia), admini anazipakua kama jedwali. Ukizipanga kwa anwani ya mtandao utaona haraka, nyumba moja yenye mtoto mmoja imeingia kwenye akaunti kumi na nne ndani ya saa moja, hiyo haina maelezo mengine. Wale kumi na nne lazima waambiwe, kila mmoja peke yake, na waambiwe wabadilishe pia paswedi zingine zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye brauza, na wazime vifaa wasivyovijua kwenye orodha ya vifaa vya akaunti, na waangalie kama kuna mtu ameweka barua zao zipelekwe kwenye anwani nyingine, maana hiyo ya mwisho hata ukibadilisha paswedi inaendelea kufanya kazi. Pakueni mapema, kumbukumbu hizo zinakaa miezi sita alafu mfumo unazifuta wenyewe.